Kujiachia kwa mwanamke: ni uhuru, au tunaufanyia mfumo dume kazi ya bure?

katibu_mchovu

Wadau, habari za jioni. Naleta hili kwenu kwa sababu kikundini limeshindikana, na mimi ndiye ninayetakiwa kuandika muhtasari wa kikao.

Sisi ni kikundi cha wanawake. Tunawasindikiza waliopigwa au kubakwa kwenda polisi na mahakamani, na tunatoa elimu kwa wasichana. Anayetoa elimu hiyo vizuri kuliko sote ni binti mmoja, nitamwita Msemaji, maana akishika kipaza sauti hata walinzi wa ukumbi wanaacha simu zao. Sasa Msemaji ana akaunti nyingine mtandaoni. Huko yuko na nguo za ndani, anacheza, anazungumzia raha ya mwanamke kitandani bila kupepesa macho, na kuna video ambazo huzioni mpaka ulipie. Mwenzetu mmoja kazileta kikaoni kwenye simu. Simu ikazunguka meza nzima.

Mwenyekiti akasema: "Miaka yote tunapigana mwanamke asionekane kipande cha nyama, wewe unajikata mwenyewe na kujipanga buchani." Msemaji akamjibu kwa adabu zote: "Mama, kila wiki mnanituma nikawaambie wasichana kwamba mwili ni wao. Wangu mimi ni wa kikundi?" Hakuna aliyejibu. Wanaotaka avuliwe nafasi yake na wasiotaka wako nusu kwa nusu.

Niseme msimamo wangu mapema ili tusizungukane. Siamini kwamba kila anayejiachia amekombolewa, na siamini kwamba amepotoka. Kinachonisumbua ni kidogo sana. Nilitazama video zake zile za bure. Kwenye moja anacheka, anasema kuna jambo mashabiki wanamwomba na yeye halifanyi, "hata mlipe mara mbili". Wiki chache baadaye kuna tangazo la video mpya: jambo lile lile. Chini yake mwanaume kaandika, "Nilijua utakuja tu."

Maneno hayo yamenikaa kooni. Naomba mnisaidie: ufeministi unasema nini hapo? Na tafadhali msinijibu kwa aya za vitabu vya dini, hizo tumeshasomewa kikaoni.

Jembe_Butu

Mnataka heshima, halafu mnaanika chupi mtandaoni na kuita ukombozi. Chagueni moja. Mwanaume hawezi kuheshimu kitu kinachouzwa.

katibu_mchovu

Kaka, heshima ya wanaume haikuwa swali. Na wengi wa hao ninaowasindikiza polisi walipigwa wakiwa wamejisitiri kuanzia utosini hadi unyayoni.

Bibi_wa_Maktaba

Mwanangu katibu, usidhani kikao chenu ndicho cha kwanza kugawanyika. Ugomvi huu una umri kuliko huyo Msemaji wenu.

Mwaka 1968 wanaharakati waliandamana Atlantic City, Marekani, kupinga shindano la Miss America. Walileta pipa la taka wakatupia sidiria, viatu vya visigino virefu, kope za bandia, sufuria, mifagio na magazeti ya Playboy. (Habari ya kwamba walichoma sidiria ni chumvi ya magazeti, waandaaji wenyewe walisema siku ile hakikuwashwa kitu.) Hoja yao ilikuwa ile ile ya mwenyekiti wako: tumechoka kupangwa mstari tukaguliwe.

Lakini tazama kilichofuata. Aprili 1982 wanawake walifanya mkutano katika chuo cha Barnard, New York, kuzungumzia raha na hatari katika mambo ya ngono. Wafeministi waliokuwa wakipinga ponografia, yaani picha na video za ngono, walisimama mlangoni wakigawa karatasi za kuwashutumu wenzao waliomo ndani, na uongozi wa chuo ukazizuia nakala za kijitabu cha mkutano. Wanawake kwa wanawake, wote wakijiita wafeministi. Waliokuwa ndani walisema: tukimwambia mwanamke habari za hatari tu, tukanyamazia hamu yake, tutakuwa tumemrudishia yale yale aliyoambiwa na babu yake.

Sasa hapa naomba mnisome taratibu. Mwandishi Andrea Dworkin na mwanasheria Catharine MacKinnon, wafeministi wa Marekani waliopinga ponografia, hawakuwa wasimamizi wa maadili. Mwaka 1983 waliandika pendekezo la sheria mjini Minneapolis ambalo halikutaka mtu yeyote afungwe. Lilitaka mwanamke aliyeumizwa kwa ajili ya ponografia aweze kudai fidia mahakamani. Mimi naiona ni hoja nzito mpaka leo, kwa kuwa ilimtazama aliyeumia, haikutazama urefu wa sketi. Meya alikataa kuipitisha. Indianapolis waliipitisha mwaka 1984, mahakama zikaibatilisha kwa sababu ya uhuru wa maoni.

Kanada wakaja na njia yao. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya huko, katika kesi ya Butler, ilikubali kupima uchafu wa picha kwa madhara yake, hasa kwa wanawake. Wengine wetu tulishangilia. Haukupita muda polisi wakaingia kwenye duka la vitabu la mashoga mjini Toronto na kukamata gazeti lililoandikwa na wanawake wanaopenda wanawake, kwa ajili ya wanawake wenzao. Rungu tulilochonga wenyewe likaanzia kwetu. Ndiyo maana siku hizi nikisikia kikundi cha wanawake kinatunga kanuni ya mavazi, nauliza kwanza nani ataishika.

Msinielewe kwamba kila kitu ni sawa basi. Mwaka 2011, baada ya polisi mmoja wa Toronto kuwaambia wanafunzi wasivae kama malaya ili wasidhuriwe, wanawake waliandamana na kulibeba jina hilo hilo kwa makusudi. Mwaka huo huo wanawake weusi wa Marekani waliwaandikia barua ya wazi: ninyi mnaweza kulichezea, sisi tumeitwa hivyo tangu utumwani ili kuhalalisha kubakwa kwetu. Kujiachia hakumgharimu kila mwanamke bei moja. Hilo ni la kulipima kabla ya kumshangilia yeyote.

niliacha_salama

Shikamoo Bibi. Katibu, mimi nimefanya kazi ya Msemaji kwa muda, nikaacha bila kulia wala kuokoka.

Hebu niwaambie inavyokwenda. Asubuhi hufungui macho ukajiuliza leo nijisikieje huru. Unaangalia nani hakulipia tena mwezi huu. OnlyFans, kwa mfano, mtandao wa kuuza video na picha kwa wanaolipia, inakata asilimia 20 ya kila kinacholipwa, na Agosti 2021 ilitangaza kwamba itapiga marufuku picha za ngono, ikisema ni shinikizo la mabenki, kisha ndani ya wiki moja ikageuza kauli. Siku zile wanawake kibao hawakulala. Mkiniuliza kama nilikuwa na mamlaka juu ya mwili wangu, nitasema ndiyo. Juu ya kazi yangu, hapana. Watu wanavichanganya hivyo viwili, wanaotusifia na wanaotulaani.

Lakini pia nilijifunza pale kusema "napenda hivi, sipendi vile" kwa sauti. Kwa mume wangu wa zamani sikuwahi, miaka yote ya ndoa, tena nikiwa nimefunikwa shuka. Hilo nalo mliandike kwenye muhtasari.

Halafu kuna kitu mmekiruka wote. Video hizo ni za kulipia. Aliyezileta kikaoni alizipataje? Ama kalipia, ama kapewa na aliyelipia. Na simu ikazunguka meza nzima bila Msemaji kuulizwa. Kikundi kinachowatetea wasichana waliosambaziwa picha zao kimekaa kikao kizima kusambaza picha za mwenzao!

Jembe_Butu

Si alizianika mwenyewe?

niliacha_salama

Aliziuzia aliyelipa. Ukinivulia shati mimi, haimaanishi umemvulia jirani.

katibu_mchovu

Nimemuuliza mwenyekiti swali hilo leo mchana. Kasema tusichanganye mambo. Aliyeleta simu kaondoka kwenye kundi la ujumbe bila kuaga.

Nimezungumza na Msemaji pia, ana kwa ana. Nilimuuliza waziwazi kuhusu lile jambo alilosema halifanyi. Hakukasirika. Alisema waliokuwa wakilipia walipungua, kodi ya nyumba ilikuwa imefika, akalifanya mara moja, hakulipenda, na yule wa "nilijua utakuja tu" alimfungia asimuone tena. Kisha akaniambia: "Dada, nilipokuwa napokea wageni hotelini, meneja alinilazimisha kumchekea mteja aliyenishika kiuno. Hamkuitisha kikao."

Sikuwa na jibu la haraka. Bibi, wewe ungemwambiaje?

Bibi_wa_Maktaba

Ningemwambia yote mawili yalistahili kikao, la hotelini kwanza. Ila sikubali kwamba ni kitu kimoja. Kuchekea mteja usiyemtaka na kuufungua mwili kwa sababu ya kodi ya nyumba vina tofauti, na yeye mwenyewe anaijua, ndiyo maana alimfungia yule mtu. Audre Lorde, mshairi, aliwahi kusema mwaka 1978 kwamba hamu ya mwanamke ni nguvu yake, na kwamba ponografia inaikana nguvu hiyo kwa kuacha hisia nje. Wasichana wenzake Msemaji watanicheka, lakini nadhani siku aliyosema "hata mlipe mara mbili" ndiyo alikuwa karibu zaidi na maneno hayo kuliko siku nyingine yoyote kwenye ile akaunti.

Kumvua nafasi kwa ajili ya hilo, hapana. Mtakuwa mmemfukuza anayejua vizuri kuliko ninyi nyote jinsi "hapana" inavyonunuliwa.

niliacha_salama

Bibi, hapo kwenye "hisia nje" tutabishana, mimi zangu nyingine zilikuwemo. Lakini katibu, kabla ya nadharia: kila aliyeshika ile simu ahakikishiwe hana nakala. Nendeni mmoja mmoja, mtazame simu ifutwe mbele yenu, na mleta picha aulizwe alimtumia nani mwingine.

katibu_mchovu

Tulikuwa kumi na mmoja mezani. Naanza kesho na mwenyekiti.