Wikendi ya michezo mirefu Lamu: kusi na kadi twafanyaje?

Mwana wa Langoni: Asalaam aleikum wanachama. Jumamosi na Jumapili twakutana darini kwetu. Mgeni aja na Twilight Imperium, mchezo wa kugombea sayari, hula saa nane na zaidi. Lakini kusi lavuma, kadi zitapeperuka zote! Na watu watainuka kuswali. Mwafanyaje?

Bi Mkomani: Shukeni msanani, ukumbi wa ndani ya nyumba, mwanangu, darini mwatafuta nini? Swala si shida: adhana ikilia, mwenye zamu amalize, muondoke nyote, asibaki mtu na meza. (Nawajua nyie.) Mahamri yawe mkeka mwingine. Kadi ikishika mafuta, kila mtu aitambua kwa mgongo, mchezo umekwisha.

Kete Mkononi: Sayari siziwezi. Mtanikuta pembeni na bao: mashimo 32, kete 64, basi. Juzi Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, mzee mmoja alinila nyumba, shimo langu kuu, tukiwa bado kwenye namua, hatua ya mwanzo, nina kete tele mkononi, naye aitisha kahawa bila hata kunitazama.

Mwana wa Langoni: Haya, twashuka. Kete, njoo na bao lako, letu limepasuka.