Kambi ya likizo usiku tatu ufukweni Igombe: nimuache mwanangu mwenye usonji?

MamaK_Nyegezi:
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri. Masimango msiniletee, ya mama mkwe yananitosha.

Mwanangu ana miaka 11, ana usonji. Maneno anayo kama thelathini, na mengine tunayaelewa sisi wa nyumbani tu. "Bati" ni mvua. "Kamanga" ni maji, yoyote yale, ya ziwani, ya ndoo hata ya kikombe, kwa sababu alipanda kivuko cha Kamanga akiwa na miaka mitano na mpaka leo hajakisahau. Anasoma kitengo, yaani darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, shule ya msingi ya serikali.

Likizo hii ya Juni kuna kambi ya watoto Igombe, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, siku nne usiku tatu. Wanachanganya watoto wenye ulemavu na wasio nao. Mchana mlezi mmoja anashika watoto watatu. Nilipouliza usiku inakuwaje nikajibiwa "usijali mama". Mzazi haruhusiwi kulala pale.

Hajawahi kulala bila mimi. Chakula chake ni matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa), ugali na dagaa wa kukaanga. Mwagia mchuzi juu ya ugali uone sahani inavyoruka. Usiku anaamka saa nane, saa tisa, anazunguka nyumba. Na maji anayapenda kupita kiasi.

Baba yake anasema atazoea. Bibi yake anasema namtupa mtoto. Mimi, niseme ukweli, kuna upande wa moyo unaotaka tu kulala usiku tatu mfululizo, na hapo ndipo ninapoona aibu.

Kaka_Igoma:
Muache dada. Mimi nimekaa bweni tangu darasa la tatu na nipo hapa nadunda.

BintiBuswelu:
Wewe Kaka_Igoma tumbo likikuuma bweni ulikuwa unasema. Huyu atasemaje?

Karabai:
Mimi ni mtu wa dagaa, hiyo pwani ya Igombe naijua. Wengi wataogopa mchana. Mchana watu wamejaa, akina mama wanaanika, mtoto akisogea majini ataonekana. Ogopa usiku. Angalia hiyo kambi inaangukia siku za giza au za mbalamwezi. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hatuvui, ziwa linakuwa kimya, halina taa. Zikiwa siku za giza tunatoka wote na taa, ukisimama nchi kavu unaona kama mji mzima umejengwa majini. Mtoto anayeamka saa nane na anapenda maji, akiona zile taa atazifuata. Sikutishi, dada yangu.

MamaK_Nyegezi:
@Karabai umenikata maini. Nimeangalia kalenda. Ni siku za giza.

Ticha_Kitengo:
Nafundisha kitengo mwaka wa tisa sasa. Karabai kasema jambo zito. Watoto wenye usonji wengi wana tabia ya kutoka na kwenda bila kuaga, na maji huwavuta. Kuzama ni moja ya vitu vinavyoua zaidi watoto hawa duniani. Hata anayejua kuogelea anahitaji mtu wa kumtazama.

Kwa hiyo usiulize kama walezi wana upendo. Upendo wote wanao. Nenda mwenyewe kabla, ukaulize vitu vya kushikika: mlango wa bweni unafungwa vipi, nani analala karibu nao, choo kiko upande gani, kati ya choo na maji kuna nini. Anayekujibu "usijali" bado hajajibu.

Halafu nunua daftari dogo uandike kamusi yake. "Kamanga" iwe ya kwanza. Andika akiumwa anafanyaje, maana homa ya malaria hatakuja kuitaja. Ratiba ya siku mchoree kwa picha, na ya mwisho iwe picha yako unakuja kumchukua. Na msianzie Igombe. Alale kwanza kwa ndugu.

NesiWaZamu:
Naongezea mawili. Chandarua anakikubali? Kama hakikubali, anza kumzoesha leo. Pili, maji ya pembeni ya ziwa yana kichocho, waulize watoto wataingia wapi. Akishaingia, baadaye mpeleke akapimwe, dawa ipo.

MamaK_Nyegezi:
Chandarua anakitafuna, nesi. Akiumwa anajipiga shavu la kulia. Nimeshaandika.

Mama_Mapacha:
Wangu mmoja ana Down sindromu. Nilimpeleka kambi kama hiyo akiwa na 12. Nilichukua gesti karibu, sikukanyaga kambini, simu mkononi. Usiku wa pili saa tano wakanipigia, analia hanyamazi, nikamfuata. Nilijiona nimeshindwa kabisa. Mwaka uliofuata akafungasha begi mwenyewe, akamaliza siku zote. Kubali nauli ya kurudi katikati, uiweke pembeni tangu mwanzo. Na kuhusu kutaka kulala: miaka 11 dada, nani asingetaka?

BabuWaMalya:
Siku hizi wazazi mnapenda kupumzika.

Mama_Mapacha:
Shikamoo babu. Njoo Nyegezi ukae naye wiki moja, tutakutumia nauli.

MamaK_Nyegezi:
Mrejesho wakuu.

Jumamosi nimeenda. Mahali ni pazuri, miembe, upepo. Choo cha wavulana kiko upande wa ziwa. Geti ni kamba imefungwa kwenye miti miwili. Mlinzi mmoja, huyohuyo analinda na jiko. Nimeuliza kama Ticha alivyosema, msimamizi akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa kweli swali la usiku hawajawahi kuulizwa. Nilimheshimu kwa hilo. Wamekubali mlezi mmoja atandike godoro mlangoni, na mlango ufungwe kengele ya mbuzi. Choo usiku itakuwa ndoo ndani. Geti hawana hela ya kulijenga.

Nimeamua ashinde siku zote nne, alale usiku mmoja tu, wa mwisho, na mimi nitakuwa kwa rafiki yangu palepale Igombe. Baba yake kakubali. Bibi bado.

Jana tumejaribu kwa wifi yangu Kirumba. Amelala saa mbili, saa tisa usiku akaamka, akasimama mlangoni anasema "Kamanga, Kamanga". Wifi kasoma daftari kwa tochi ya simu, akampa kikombe cha maji. Akanywa, akamrudishia kikombe, akasema tena "Kamanga" akielekeza kidole nje. Hilo daftarini halikuwepo. Wifi akaketi naye sakafuni mpaka akasinzia.

Swali la mwisho: kengele ya mbuzi napata wapi? Kirumba nimezunguka, hamna.

Karabai:
Minada ya ng'ombe, huko Misungwi. Chukua mbili, ya pili ifunge kwenye ile kamba ya geti. Na unipe tarehe ya huo usiku wa mwisho, nitawaambia wenzangu wa pwani.