Majike wawili wa boa wa mchangani: nimpandishe yupi msimu huu?

MamaKaniki (Minneapolis)
Wakuu salaam. Nina majike wawili wa boa wa mchangani (nyoka, Eryx colubrinus), hawa hawa wa kwetu Afrika Mashariki ambao huku Marekani wanazalishwa majumbani miaka mingi. Dume ninaye, ana gramu 95 na miaka mitatu, hana neno. Shida ni majike.

Embe ni wa rangi ya chungwa, ana miaka miwili na kidogo, gramu 340. Aliyeniuzia alikuwa anamlisha kila baada ya siku nne tangu akiwa kitoto.

Kaniki ni mweusi kwa mweupe, miaka minne imetimia, gramu 265. Anakula vizuri ila baridi ikianza huwa anagoma wiki kadhaa.

Nataka uzao mmoja tu mwaka huu. Nikifuata mizani ni Embe, nikifuata umri ni Kaniki. Nyie mngempa dume yupi?

Fundi_Thermostati
Embe, bila kupepesa. Nyoka hakui kwa kalenda, anakua kwa anachokula. Jike akivuka gramu 300 mimi nampa dume. Kaniki aongeze mwili kwanza.

MzeeWaSebuleni
Fundi, hiyo 300 ni ya watu wenye haraka. Wafugaji wengi ninaowajua hawamgusi jike aliye chini ya 400, na bado wanataka awe na miaka mitatu. Hawa si nyoka wakubwa, sawa, lakini jike ni mkubwa kuliko dume mara tatu nne kwa uzito, na ukubwa huo una kazi yake: yeye ndiye anayebeba watoto.

Kwa hiyo jibu langu ni hakuna, kwa sasa. Ila ukinilazimisha nichague mmoja, Kaniki.

kobe_mwendo
Kwani ile kanuni ya tatu-tatu-tatu haifanyi kazi hapa? Miaka mitatu, futi tatu, gramu mia tatu. Mimi ndiyo niliyofundishwa nilipoanza na nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus).

MzeeWaSebuleni
Futi tatu? Boa wa mchangani jike mwenye futi tatu ni wa kupigwa picha. Wengi wanaishia sentimita 60 hadi 80. Halafu nyoka wa mahindi anataga. Hofu yako kwake ni yai kukwama kwa sababu jike bado mwembamba. Huyu anazaa watoto hai. Anakaa na mimba miezi minne mpaka sita, na majike wengi hupunguza kula au huacha kabisa katika kipindi hicho. Swali si kama njia inapitisha, swali ni kama ana akiba ya kumfikisha mwisho.

Dkt_Mjusi
Mzee ameshika penyewe. Naongeza kidogo kwa sababu naona uzi unageuka kuwa mnada wa gramu.

Nyoka wengi wanaozaa hai hutengeneza kiini cha mayai kutokana na mafuta waliyohifadhi tangu kabla ya msimu. Mwaka 1996 watafiti Ufaransa walichapisha kazi juu ya kipiribao wa kule, nyoka mwenye sumu aitwaye Vipera aspis: jike haanzi uzazi mpaka akiba ya mwili wake ifike kiwango fulani, na kiwango hicho hupimwa kwa kulinganisha uzito na urefu. Uzito peke yake hautoshi. Gramu 340 kwenye nyoka wa sentimita 50 na gramu 340 kwenye wa sentimita 65 ni habari mbili tofauti kabisa.

MamaKaniki, tupe urefu. Kisha mwangalie kila mmoja anapojikunja: ngozi inafanya mikunjo ya nyama? Magamba yameachana mpaka unaona ngozi katikati, na hajala karibuni? Sehemu ya mwisho ya mwili kabla ya mkia imevimba pande zote mbili? Mafuta ya nyoka hukaa huko nyuma ndani ya tumbo. Upande wa pili, ukipitisha kidole mgongoni usisikie uti umechongoka.

Na mpime tumbo likiwa tupu, ameshakwenda haja. Panya mmoja tu anakudanganya gramu 20.

MamaKaniki
Asante daktari. Nimewapima kwa uzi uliolazwa mgongoni. Embe sentimita 53, Kaniki 61. Embe kweli ana mikunjo, nilidhani ndiyo afya! Kaniki ni mviringo mzuri, uti siusikii.

Fundi_Thermostati
Sawa, kwa urefu huo Embe ni mnene, nakubali. Lakini nina hoja moja hamjaijibu. Mweke dume, mwili wenyewe utaamua. Jike asiyekuwa tayari hapevushi mayai, dume atahangaika wiki mbili halafu basi.

Dkt_Mjusi
Porini hoja yako ina nguvu. Mbuga za Turkana hakuna mtu anayeleta panya kila Jumapili. Mafuta akiyapata ameyapata kwa miaka. Kwenye boksi la plastiki mafuta yanakuja kabla ya mwili kukomaa, na mwili unasoma mafuta. Jike mdogo aliyenenepeshwa anaweza kabisa kushika mimba. Matokeo ninayoyaona mara nyingi ni watoto wachache, mayai ya manjano yasiyo na uhai yakitoka pamoja nao, na mama aliyebaki ngozi.

Tena nyoka jike anaweza kuhifadhi mbegu. Ukimtoa dume baada ya kujutia, umechelewa.

bint_Makadara
Kwani hakuna altrasaundi huko Minneapolis? Hapa Nairobi ndiyo kutafuta daktari wa nyoka ni safari, lakini nyie…

Dkt_Mjusi
Ipo, na ukimpata daktari anayezoea reptilia ni bora kuliko kubahatisha. Vijiyai vinavyokua vinaonekana kabla hujamwona amevimba. Usichofanya ni kumkamua tumbo kwa vidole ukitafuta vinundu kama unavyoona kwenye video za watu wa chatu. Chatu wa gramu 1,500 anavumilia mengi. Huyu wako hapana.

kobe_mwendo
Basi Kaniki? Amekomaa, ni mrefu, umbo zuri.

MzeeWaSebuleni
Kaniki ndiye mwenye kiunzi. Kinachonisumbua ni huo mgomo wa baridi. Akigoma wiki kadhaa, kisha apewe dume, kisha agome tena na mimba, mwaka mzima umekwisha hajajaza chochote. Ningemlisha kawaida kipindi hiki chote cha joto, si kila siku nne, panya wa saizi yake kila siku kumi hivi. Kukianza baridi, acha kulisha wiki mbili ili tumbo litoke tupu, shusha joto la usiku kama nyuzi 21 au 22, mchana bado awe na kona ya joto. Akitoka hapo amerudi kula kwa pupa na mizani inasoma 320 au zaidi, hata kama hajafika ile 400, mpe dume. Akitoka na 260, msahau mpaka mwaka unaofuata.

Mchanga uwe wa kutosha. Dume hulazimika kufukua ili aufikie mkia wa jike, na ni burudani kumtazama yule mdogo akipambana.

Fundi_Thermostati
Mimi 300 ningempa. Lakini haya, kwa Kaniki sina ubishi.

MamaKaniki
Nimeshawishika. Embe naanza kumpunguzia chakula taratibu, dume hatamwona mpaka afikishe miaka minne. Kaniki nafuata ratiba ya Mzee, nitarudi na namba za mizani baada ya baridi. Akizaa, mwaka unaofuata anapumzika?

MzeeWaSebuleni
Anapumzika. Wa kwanza hasa.

bint_Makadara
Wakizaliwa niwekee mmoja wa rangi ya chungwa, dada.

MamaKaniki
Nikutumie Nairobi? 😄

Dkt_Mjusi
Huyo anahitaji karatasi za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) kutoka huko na za kumwingiza, halafu kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, cha kumfuga, maana sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haijali kwamba alizaliwa Minnesota. Bint, anza na kibali. Watoto wa boa watakuwa wameshazaa wenzao kabla hujakipata.