Mwanangu anashika besi ya kwanza: nimwache au nimtoe?

Kutoka: Mama wa watano, Kansas City

Ndugu zangu, hamjambo. Naomba ushauri, hasa kwa mliokaa Missouri na Kansas siku nyingi.

Mtoto wangu wa tatu ana miaka 16, yuko darasa la kumi. Tulipotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, alikuwa na miaka saba. Mpira wa miguu haukumwingia hata kule kambini, lakini besiboli ameishika kwa roho yake yote. Shuleni wamempanga besi ya kwanza kwa sababu ni mrefu na ni mtu wa shoto. Kocha anasema ana kipaji.

Sasa kuna timu ya kiangazi inayozunguka miji, na ada yao ni sawa na kodi yangu ya nyumba ya miezi miwili. Baba yake anasema aache, atafute kazi ya jioni kama kaka zake. Juu ya hayo, wiki iliyopita mzazi wa timu nyingine alilalamika mbele ya watu kwamba huyu si mtoto wa miaka 16. Kwenye karatasi zake imeandikwa 1 Januari, kama tulivyoandikiwa wengi tuliotoka kambini. Mwanangu alirudi nyumbani, akapita moja kwa moja chumbani, hakula.

Nauliza mambo mawili. Hii besiboli ni kazi ya kumlisha mtu? Na hili la umri nifanyeje? Mimi mchezo wenyewe siuelewi, namwona tu anarudi na magoti yenye udongo.

Kutoka: Baba wa mapacha, Independence

Dada yangu, pole sana, na hongera pia. Nimekaa Independence tangu 2003, naendesha basi la shule. Msimu wa machipuko nawapeleka watoto kwenye mechi, na badala ya kulala garini nashuka naangalia. Kwa hiyo mchezo huu nimejifunza kwa miaka mingi ya kukaa pale kwenye mabenchi ya chuma.

Nianze na la umri, maana ndilo lililonigusa. Katika mji huu huu ninaoishi alipita kijana aliyeambiwa maneno hayo hayo. Anaitwa Albert Pujols, na baadaye akawa mmoja wa wapigaji wakubwa wa besiboli. Alizaliwa Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, 16 Januari 1980, akalelewa zaidi na bibi yake. Mwaka 1996 walihamia New York, yeye na baba yake na bibi. Huko aliona mtu akipigwa risasi dukani, na baada ya kama miezi miwili familia ikaja hapa Independence kwa ndugu zao. Akaingia shule ya sekondari ya Fort Osage, Kiingereza kidogo sana.

Alikuwa na mwili wa mtu mzima na mpira akiupiga unapotea. Makocha wa timu pinzani waliamini amedanganya umri. Mwaka wake wa mwisho shuleni walimkwepa: warushaji walimtupia mipira mibaya makusudi ili atembee tu hadi besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, bila kupiga. Mara 55 walimfanyia hivyo. Zilibaki mara 33 tu za kupiga kweli, na katika hizo alipiga homurani 8, yaani mpira unavuka uzio na mpigaji anazunguka besi zote. Mwambie mwanao habari hii leo, hata kabla hajaweka begi chini.

Akamaliza shule mapema, Desemba 1998, akaenda Maple Woods, chuo cha umma cha miaka miwili hapo kaskazini mwa Kansas City. Kutoka kwenu ni mwendo wa gari mfupi tu. Msimu mmoja alipiga homurani 22. Hata hivyo wasaka vipaji bado walisita: umri wake vipi, na atacheza nafasi gani? Kwenye drafti ya 1999, ule uchaguzi wa kila mwaka ambapo timu kubwa hugawana vijana, walichaguliwa watu 401 kabla yake. Raundi ya 13. Royals, timu ya mjini kwetu, walimpita kama wengine wote, na wazee wa hapa wakikumbuka hilo hadi leo wanatikisa kichwa. Timu ya St. Louis Cardinals ikampa ofa ya dola 10,000. Akakataa. Akaenda kucheza ligi ya kiangazi kule Kansas, akaonyesha alichonacho, wakarudi na kama dola 60,000 akasaini. Alikuwa na miaka 19.

Mwaka 2000 alikuwa ligi ndogo, sehemu kubwa akiwa Peoria, Illinois. Mwaka 2001 yuko ligi kuu: homurani 37, mchezaji mpya bora wa Ligi ya Taifa, moja ya nusu mbili za ligi kuu.

Sasa hiyo besi ya kwanza. Kila mpira unaopigwa ukatambaa chini, anayeuokota anamtupia mtu wa besi ya kwanza. Mpigaji anakimbia mita 27 na ushee. Mwanao anatakiwa mguu mmoja uguse besi, mwili mzima anyooke kuufuata mpira, audake kabla yule hajafika. Mipira mingine inakuja imepinda, mingine inadunda karibu kabisa na kiatu, na lazima aichote. Ndiyo maana glavu yake haina vidole kama za wenzake. Imeungana kama mfuko, ndefu, mdomo mpana. Mtu wa shoto anaivaa mkono wa kulia, ule ulioelekea uwanjani, na akitaka kutupa besi ya pili hahitaji kugeuza mwili. Kocha hakumpanga pale kwa bahati. Lakini usinunue glavu mpya. Maduka ya vifaa vya michezo vya mtumba yapo, na glavu iliyokwisha kulainika ni bora kuliko ngumu ya dukani. Pacha wangu mmoja alitumia ya mtumba miaka minne, nyuzi zikikatika tunashona upya jikoni kwa sindano ya magunia.

Jambo ambalo makocha hawawaambii wazazi ni kwamba klabu kubwa hazimwajiri mtu wa besi ya kwanza kwa ajili ya kudaka. Zinamwajiri kwa ajili ya gongo. Pale ndipo wanapomweka mpigaji mzuri asiye na mahali pengine. Pujols mwenyewe alianzia besi ya tatu na pembeni kushoto. Mwaka 2003 aliumia kiwiko cha mkono wa kutupia, akawa hawezi kurusha mbali, na bado mwaka ule ndiye aliyeongoza Ligi ya Taifa kwa wastani wa kupiga, .359, yaani kama mara 36 za mafanikio katika kila 100. Mwaka 2004 wakamhamishia besi ya kwanza moja kwa moja. Hakuingia pale kujificha. Alijifunza hadi akashinda Glavu ya Dhahabu, tuzo ya anayelinda nafasi yake vizuri kuliko wote, mara mbili, 2006 na 2010. Kwa hiyo kijana afanye mazoezi ya kupiga, halafu apige tena. Urefu peke yake haumfikishi.

Swali la pesa. Drafti siku hizi ni raundi 20 tu. Wakati wa Pujols zilikuwa 50. Kwa timu 30, ni kama vijana 600 kwa mwaka, nchi nzima. Anayechaguliwa anaanzia ligi ndogo. Tangu mkataba wa chama chao wa 2023, daraja la chini kabisa lilianza na kama dola 19,800 kwa mwaka, na la juu la ligi ndogo dola 35,800. Nyumba timu inatoa. Ghala la hapa linalipa kama hivyo au zaidi, tusidanganyane. Akifika ligi kuu ndipo mambo yanageuka, kima cha chini cha 2025 kilikuwa dola 760,000. Wengi hawafiki.

Kwa hiyo ushauri wangu: usimtoe, na ile ada ya timu ya kiangazi usiilipe. Njia aliyopita yule bwana ilikuwa shule ya serikali halafu chuo cha umma cha bei nafuu. Kama mnaishi upande wa Missouri na shule yake iko kwenye mpango wa A+, jimbo linalipa ada ya chuo cha miaka miwili. Anatakiwa wastani wa 2.5, mahudhurio asilimia 95, na saa 50 za kufundisha wenzake bila malipo. Grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, inatosha, uraia si lazima. Aanze kuhesabu hizo saa sasa, maana watoto wetu wengi wanakosa kwa sababu hizo tu. Na msaada wa serikali kuu wa Pell unaweza kufika dola 7,395 kwa mwaka, naye anaruhusiwa kuomba.

Mwambie shemeji yangu kwamba mtoto akicheza chuoni huku masomo yamelipiwa, hata besiboli ikiishia hapo ametoka na cheti.

Kutoka: Muuguzi, St. Louis

Habari za jioni wote. Kaka wa Independence amesema mengi mazuri. Mimi naongeza upande wa mwili, ndiyo kazi yangu.

Pujols alipomaliza mkataba wa Cardinals baada ya ubingwa wa 2011, timu ya Angels kule California ilimpa miaka kumi, dola milioni 240. Mji huu ulilia. Nilikuwa mgeni hapa, nikashangaa watu wazima wodini wanazungumzia mchezaji kama mtoto wao aliyehama. Lakini huko California miguu ilimsaliti. Mwaka 2013 utando wa wayo ulichanika, msimu ukaishia Julai. Mtu aliyekuwa akipiga zaidi ya .320 hapa alishuka hadi .256 kwa miaka yote ya Angels. Na Mei 2021, mkataba ukiwa bado haujaisha, wakamwacha.

Hayo nayasema kwa sababu mtu wa besi ya kwanza watu humwona kama amesimama tu. Hajasimama. Anajinyoosha mguu mmoja mamia ya mara kwa msimu, kwenye nyonga na kwenye wayo. Dada, viatu vyake visiwe vya kurithi kutoka kwa kaka zake. Glavu ya mtumba sawa, kiatu hapana. Akisema kisigino kinauma asubuhi anaposhuka kitandani, usisubiri msimu uishe. Na hakikisha bima yake ya Medicaid, ile ya matibabu ya serikali, haijakatika, barua za kuhuisha zinakuja na watu wetu wanazitupa wakidhani ni matangazo.

Nimeona kwa macho yangu Juni 2019, aliporudi Busch Stadium, uwanja wa Cardinals, akiwa na jezi ya Angels. Uwanja mzima ulisimama. Mdakaji wa Cardinals, Yadier Molina, rafiki yake wa siku nyingi, alitoka mbele akamkumbatia. Makofi hayakukoma. Kesho yake alipiga homurani dhidi yetu na uwanja ukamshangilia mpinzani. Mwaka 2022 Cardinals wakamrudisha kwa mwaka mmoja, dola milioni 2.5, mzee wa miaka 42. Akapiga homurani 24 mwaka ule, akapita 700 za maisha yake yote ya ligi kuu, akamaliza na 703. Ni watu watatu tu waliomzidi katika historia nzima: Bonds, Aaron na Ruth.

Kutoka: Karani wa ofisi ya sheria, Columbus

Salaam. Mimi ni karani, si wakili, kwa hiyo chukueni haya kama mwongozo wa kuanzia.

Hili la 1 Januari naliona kila wiki. Mama, usiruhusu mtu yeyote akubadilishie tarehe shuleni peke yake ili kumaliza ugomvi wa uwanjani. Mtoto akiwa na tarehe moja shuleni na nyingine kwenye grinikadi, mnajifungulia mlango wa matatizo makubwa kuliko mzazi mmoja anayelalamika. Tarehe inarekebishwa kuanzia juu, uhamiaji, kwa ushahidi wa zamani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, karatasi za kambini. Mwone wakili au shirika lililowapokea kabla ya kujaza chochote. Hadi hapo, iliyo kwenye grinikadi ndiyo tarehe yake, na shule inalijua hilo.

Jingine. Mmekaa miaka tisa. Umeomba uraia? Ukiapa wewe kabla hajatimiza 18, naye ana grinikadi na anaishi nawe, anakuwa raia papo hapo kwa sheria. Pujols aliapa 2007 akiwa tayari nyota, na mtihani wa uraia alipata alama zote.

Kutoka: Mama wa watano, Kansas City

Asanteni sana ndugu zangu. Nimesoma zote kwa sauti mezani, baba yake akisikiliza.

Kadi ya kliniki nimeipata. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za safari, ile ile ya kambini, kona moja imeliwa na unyevu. Mwandiko wa muuguzi bado unasomeka: 19 Septemba. Kumbe mwanangu ni mdogo kuliko karatasi inavyosema, miezi minane na ushee, na yule mzazi anamwita mtu mzima. Nimempigia simu mama wa shirika, ametupa siku ya kuonana na wakili, bure, tarehe 14. Fomu ya uraia nitaiuliza siku hiyo hiyo.

Ada ya kiangazi nimewaambia hapana. Kocha wa shule akasema kuna ligi ya manispaa ya bei ndogo, atacheza hiyo, na jioni mbili kwa wiki atafanya kazi. Baba yake ndiye aliyepanga hizo jioni mbili.

Kijana alisikiliza habari ya zile mara 55 bila kusema neno. Baadaye nikasikia kishindo uani. Nikachungulia dirishani, baba yake amesimama karibu na uzio anamtupia mpira, anautupa vibaya kwa kuwa hajawahi, unadunda kwenye majani, na mtoto anauchota, mguu wake umekanyaga kipande cha boksi.

Kaka wa Independence, mechi ijayo ni Alhamisi saa kumi. Kama ni basi lako, mimi nitakuwa kwenye mabenchi ya chuma, nimevaa kitenge cha njano. Uje unieleze kinachoendelea.