Naomba ushauri: sheda (programu ndogo ya kuchora) ya maji inakosea jicho la kulia kwenye VR
Wakuu, natumia Unity (injini ya michezo), URP (mfumo wake wa kuchora) na OpenXR (kiunganishi cha vifaa vya VR), mpangilio wa Single Pass Instanced (macho yote mawili huchorwa kwa amri moja). Maji yalikuwa yanachorwa jicho la kushoto tu. Nimeongeza makro za Unity za kutambua jicho: UNITY_VERTEX_INPUT_INSTANCE_ID, UNITY_SETUP_INSTANCE_ID, UNITY_VERTEX_OUTPUT_STEREO na UNITY_INITIALIZE_VERTEX_OUTPUT_STEREO; sasa yanaonekana macho yote.

Kimebaki kitu kimoja. Sheda inasoma _CameraOpaqueTexture (picha ya vitu visivyopitisha mwanga vilivyokwisha kuchorwa), ambayo hapa ni safu ya picha mbili, moja kwa kila jicho. Nimeitangaza kwa TEXTURE2D_X na kuisoma kwa SAMPLE_TEXTURE2D_X, lakini jicho la kulia bado linapata picha ya kushoto. Nashuku hatua ya pikseli haijui jicho lake, kwa kuwa sijaweka UNITY_SETUP_STEREO_EYE_INDEX_POST_VERTEX. Je, hiyo inatosha, au hata tekscha ya kina (picha ya umbali wa kila pikseli kutoka kamera) niitangaze upya?

Multi-pass (kuchora kila jicho peke yake) inafanya kazi, ila CPU inatuma amri za kuchora mara mbili, na kwa 72 Hz fremu ina milisekunde 13.9 tu. Msinishauri huko.