Wino wa dhahabu haukauki kwenye kadi, naombeni ushauri

Habari za humu wapendwa, wakubwa shikamooni. Niko Bagamoyo, natengeneza kadi za mkono, za harusi na zile ndogo wanazonunua watalii wakija kuona Mji Mkongwe na magofu ya Kaole. Mihuri nachonga mwenyewe kwa raba ya kufutia, naiga yale maua ya kwenye milango ya zamani, alafu nagonga kwa pedi ya wino ya kawaida ya ofisini. Pembeni nachovya kipande cha sponji ya godoro kwenye pedi ya bluu napapasa taratibu mpaka rangi inafifia kama anga la jioni, hapo ndo raha yangu yote.

Sasa juzi nikanunua pedi ya dhahabu, wino wake mzito kama uji, kwenye manila unatoka fresh kabisa ila kwenye karatasi ya kung'aa siku mbili ukigusa unabaki kidoleni, na mteja kanirudishia kadi 40 za sendofu maua yote yamehamia kwenye bahasha, aibu jamani. Nimeweka feni, nimeanika juani karatasi ikajikunja, nimepaka poda ya mtoto dhahabu ikafubaa.

Naomba kujua, kuna namna ya kuukausha kwenye karatasi ya kung'aa au nirudi tu kwenye manila? Na ile poda ya kuyeyusha kwa moto ili ua litune, pasi ya nguo inafaa au mpaka mashine yake? Nina oda ya wiki ijayo.