Kiingilio 20,000 "usiku wa wasanii wa wimbo mmoja", halafu DJ anaukata huo huo mmoja!

Wakuu habari za asubuhi. Nyie mmelala, mimi sijalala, nina hasira na naandika nazo hivyo hivyo. Mods tafadhali msiuhamishie uzi huu kule kwenye vichekesho maana kuna hela ya mtu imeliwa hapa.

Jana Jumamosi nimemtoa shemeji yenu, tumeenda baa moja maeneo ya Sinza, jina siweki. Bango lao limezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki mbili nzima, eti usiku maalum wa wasanii wa wimbo mmoja, ngoma za Ulaya na Marekani miaka ya 80 na 90, wale waliotoa hiti moja dunia nzima ikaimba halafu kimya. Kiingilio elfu ishirini kwa kichwa. Nikajisemea hiki sasa ndio kitu changu. Sisi tuliokulia Ilala tulikuwa tunarekodisha kaseti Kariakoo, unampelekea jamaa kaseti yako tupu ya dakika 60 na karatasi ya daftari umeandika ngoma unazotaka, majina mengine umekosea spelingi jamaa anakucheka, unarudi kesho yake kuchukua. Wimbo ukikatika mwishoni mwa upande A ulikuwa unaumwa wiki nzima. Kumbukeni hilo mnaposoma huko chini.

Tumefika saa tatu, tumefungwa vile vikamba vya mkononi, tumekaa meza ya pembeni karibu na spika. Saa nne kasoro DJ kaanza. Kijana tu, kofia kageuza nyuma, laptopu ina stika nyingi kama daladala. Kafungulia na Macarena, ukumbi mzima umesimama, mama mmoja wa makamo kavua viatu kabisa. Mikono mbele, mikono kichwani, mikono kiunoni, ile ya kuruka kugeuka tunajiandaa, chwiiii, kahamia ngoma nyingine. Hata dakika haijaisha. Nikamwambia wife tulia anaamsha watu tu huyu, akishapata mzuka atatulia. Ya pili kata. Ya tatu kata. Ya tano kata, na katikati ya kila mkato ile sauti ya king'ora cha kwenye laptopu pweee pweee pweee utadhani gari la zimamoto limeingia ukumbini.

Sasa naombeni mnielewe kwa nini imeniuma. Ukiwa na usiku wa Michael Jackson ukamkata Billie Jean sawa, mtu ana mzigo, utamlipa baadaye kwa nyingine. Huyu mwingine bango lako mwenyewe limesema ana wimbo MMOJA! Ukishaukata huo ndio basi tena, hana pengine pa kujitetea. Wale wazee wawili wa Macarena wa kule Hispania, Los del Río, walikuwa wanaimba pamoja tangu miaka ya 60, wimbo wametoa 1993, ukaja kufanyiwa rimiksi Miami, 1996 ukakaa namba moja Marekani wiki 14, wenyewe wanakaribia miaka hamsini. Watu wamesubiri miaka thelathini wewe unawapa sekunde hamsini.

Ila iliyonimaliza ni Take On Me ya a-ha. Hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Wale vijana wa Norway huo wimbo waliutoa 1984 ukabuma nje ya kwao. Wakaurekodi upya na prodyuza mwingine, wakautoa tena Uingereza ukabuma tena. Ndio ikaja ile video ya michoro ya penseli, mnaikumbuka, dada yuko mgahawani anasoma katuni, jamaa wa kwenye katuni anamkonyeza, mkono unatoka kwenye karatasi na kumvuta ndani. Ile imechorwa kwa mkono fremu kama elfu tatu, wiki 16 watu wameinama mezani. Sisi huku bara hata televisheni hatukuwa nayo, imeanza 1994, hiyo video niliiona kwenye mkanda wa VHS kwa jirani mwenye deki, tumejazana sebuleni kama watoto ishirini, ukiisha mkanda unarudishwa nyuma tunaangalia tena. 1985 ndio ukapanda namba moja Marekani. Na utamu wa wimbo wenyewe uko kwenye kiitikio, jamaa anaanza chini kabisa kama anaongea, anapanda ngazi moja, anapanda nyingine, oktava mbili na nusu mpaka anafika kule juu kabisa kwenye ile noti ambayo kila mwanaume duniani amewahi kuijaribu bafuni ikamshinda.

Basi jana ukumbi mzima tunapanda naye. Nimefumba macho, mkono juu, shingo imetoka mishipa, bado ngazi ya mwisho, na hapo HAPO ndipo kijana kakata. Pweee pweee pweee. Nimebaki mdomo wazi nimekosa noti, wife ananiangalia. Jirani yangu meza ya pili mzee mwenzangu kakaa chini taratibu kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Kama haitoshi kaja kuweka Come On Eileen ya Dexys Midnight Runners. Wanaoujua wanajua pale katikati wimbo unapunguza mwendo kabisa, unakuwa kama unazimika, halafu unaanza kuchochea polepole, kasi inaongezeka mpaka unalipuka. Pale pakupunguza mwendo ndio wimbo wenyewe! Kijana akaona watu wamepunguza kucheza, akaogopa ukumbi unamfia, akakata. Yaani kampasua mgonjwa kabla hajaamka. Wimbo ulioshika namba moja Marekani 1983 wiki moja ukiwa katikati ya Billie Jean na Beat It, yaani ulimtoa Michael Jackson halafu ukatolewa na Michael Jackson huyo huyo, jana Sinza umetolewa na king'ora.

Mnajua ngoma gani pekee imepigwa mpaka mwisho? Ile ya mbwa ya Baha Men, Who Let the Dogs Out. Ambayo ni ya mwaka 2000, siyo 80 wala 90, na imefika mwisho kwa sababu DJ alikuwa ameenda chooni.

Tuje kwa MC sasa, huyu naye ni kesi ya peke yake. Ana maswali ya zawadi, kreti ya bia. Anauliza, kundi la a-ha wimbo wao pekee uliowahi kushika namba moja ni upi? Nikanyoosha mkono nikauliza kistaarabu tu, namba moja wapi ndugu? Maana Uingereza Take On Me iliishia namba mbili, iliyoshika namba moja kule ni The Sun Always Shines on T.V. Januari 1986, na 1987 wamepiga wimbo wa filamu ya James Bond, na 1991 wameimba uwanja wa Maracanã kule Rio mbele ya watu karibu laki mbili, kwa hiyo hata kuwaweka kwenye bango la wimbo mmoja ni kuwaonea. Hata hao Dexys walikuwa na namba moja nyingine Uingereza 1980. Jamaa kanijibu kwenye maiki mbele za watu, "Mzee wangu hapa siyo mahakamani, kaa chini unywe bia yako." Ukumbi kicheko. Kreti ikaenda meza iliyo karibu na DJ, na hao waliopewa walikuwa wanaongea na MC kama ndugu tangu tunaingia, siwasingizii, nimesema nilichokiona.

Halafu akatutangazia kwa mbwembwe kwamba aliyeimba Mambo No. 5 ni Mcuba. Jamani Lou Bega ni Mjerumani kazaliwa Munich, baba yake MGANDA, jirani yetu hapo! Mcuba ni Pérez Prado aliyeipiga ile miziki yake mwanzo enzi hizo bila hayo majina ya kina dada anayoyataja Lou Bega. Unasimama na maiki Dar es Salaam unamnyang'anya Mganda mtoto wake unampa Cuba.

Na kwenye Ice Ice Baby ndio nikajua hawa hawajajiandaa hata dakika tano. Ile besi ya Vanilla Ice imetoka kwenye Under Pressure ya Queen na David Bowie ya 1981. Mwimbaji wa Queen Freddie Mercury kazaliwa Unguja 1946. Halafu Vanilla Ice kaitumia 1990, na 1991 Saleh J wetu kaichukua biti ile ile kaichana Kiswahili, kabla hata hatujawa na redio binafsi hata moja. Yaani besi imezunguka dunia nzima imerudi Dar kwa mguu. Ukiwa MC hapo una stori ya bure kabisa, watu wangepiga kelele mpaka mabati yang'oke. Yeye anasema "makelele kwa wenye birthday!"

Nikamfuata meneja. Kwa adabu zote. Nikamwambia kijana wako anakata nyimbo. Akaniambia ndio staili ya sasa hivi mzee, watu hawana subira, ukiacha wimbo dakika nne wanakimbilia simu. Nikamwambia niangalie mimi nimekimbilia simu? Akasema atalifanyia kazi. Bili imekuja ina elfu sita ya "huduma" ambayo hakuna aliyetuambia, nikalipa, tukatoka saa sita na nusu.

Kwenye bajaji nikaweka Take On Me kwenye simu. Tumefika getini Tabata bado haijaisha, nikamwambia dereva subiri kidogo. Tukakaa, shemeji yenu kasinzia, ile noti ikaja, nikaijaribu, mbwa wa jirani kabweka. Dereva kijana hata hakuuliza wimbo wa nani, kaniambia mzee umenikalisha hapa ongeza buku. Nikampa.

Sasa wakuu naulizia, kuna sehemu yoyote Tabata, Segerea mpaka Buguruni wanapiga hizi ngoma mpaka mwisho? Hata kama spika mbovu. Kiingilio kisizidi elfu kumi, na kama MC yupo awe mpole. Njooni PM.